Panya Asiyekuwemo Kitabuni

Katika kitabu cha picha za wanyama alichokichapisha Conrad Gessner mjini Zurich katikati ya karne ya 16, paka yuko peke yake. Ni paka wa kawaida wa nyumbani, na mbele yake hapana kitu. Katika jumba la kifalme la Holyroodhouse mjini Edinburgh kipo kipande kidogo cha kitani kilichodariziwa paka huyohuyo, amenakiliwa kutoka kitabuni, ila safari hii mbele yake yuko panya. Aliyeishika sindano ni Mary, malkia wa Uskoti, katika miaka aliyokuwa mfungwa nchini Uingereza. Juu ya mnyama ameshona jina kwa herufi kubwa, A CATTE, kana kwamba kuna mtu ambaye angemdhania kuwa mbuzi.

Nilimwona paka huyo nilipokuwa Edinburgh kwa shughuli nyingine kabisa, na nikasimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya picha zote za wafalme zilizojaa katika jumba lile. Paka mwenyewe hakunishughulisha sana. Kilichonishika ni panya, kwa sababu paka alinakiliwa na panya aliongezwa. Mtu aliyekuwa na kielelezo mbele yake, na mafundi wa kumchorea kielelezo hicho juu ya kitambaa, aliona kwamba kielelezo hakijasema vya kutosha. Wengi walioandika juu ya kazi hii humsoma paka yule mwekundu kuwa ni Elizabeth wa Kwanza, malkia wa Uingereza mwenye nywele nyekundu aliyemfunga ndugu yake, na panya kuwa ni Mary mwenyewe. Mimi nakubali nusu. Mary naye katika ujana wake alikuwa na nywele zenye wekundu, na majumba ya kale yenye maghala na majiko makubwa hayakukosa paka wala panya. Hata hivyo, panya yupo, na kitabuni hayupo.

Sharti nieleze kwa nini jambo hili la kuongeza kitu katika kielelezo lilinigusa kiasi cha kunifanya nisafiri tena, miezi michache baadaye, kwenda kuwatazama wanyama wengine wa mwanamke huyo.

Nimezaliwa Tanga, na nimelelewa na mama aliyekuwa akidarizi. Alidarizi foronya, vitambaa vya meza, vitambaa vya kufunikia viti, na kile cha kufunikia redio ambacho kilinyanyuliwa kwa heshima kila ilipofika saa ya taarifa ya habari. Alinunua marekani nyeupe, akaikata, akaiwekea karatasi ya kaboni, kisha akapitisha kalamu taratibu juu ya kielelezo alichoazima kwa jirani. Baada ya hapo kitambaa kilikazwa kwenye fremu ya mbao ya duara na kazi ikaanza, alasiri baada ya alasiri, barazani. Vielelezo vyenyewe vilizunguka mtaa mzima mpaka vikachanika kwenye mikunjo: maua ya waridi, bata wawili majini, njiwa wanaotazamana na chini yao maneno Lala Salama, na tausi. Tausi hasa. Mama hakuwahi kumwona tausi maishani mwake. Tuliowasikia ni wale wa Ikulu ya Dar es Salaam, na Mama hakuwa na shughuli Ikulu.

Tausi wake alitofautiana na tausi wa majirani kwa jambo moja. Chini ya mkia, pale ambapo kielelezo kilikuwa kitupu, Mama alidarizi vifaranga wawili wa rangi ya kahawia. Walikuwa vifaranga wa kuku, wale wanaopita uani kila siku, wala hawakufanana kwa lolote na ndege yule wa kifahari aliyekuwa juu yao. Watoto wenzangu waliokuja kulala kwetu waliicheka foronya ile, wakasema tausi wetu ameolewa na jogoo, nami nikajifunza kuugeuza mto kabla hawajaingia chumbani. Niliamini, na niliendelea kuamini hadi ukubwani, kwamba Mama alikosea, na kwamba kazi njema ya kudarizi ni ile inayofanana na kielelezo chake.

Mama mwenyewe alikuwa na kipimo kingine. Akiletewa kazi ya mtu aitazame, hakuanza na uso wa kitambaa. Alikigeuza. Alisema kwamba uso ni wa wageni, na kwamba nyuma ndiko kunakoonyesha kama mtu amefunga mafundo au ameficha ncha, kama aliruka na uzi mrefu kwa uvivu, na ni kipi alichokishona kwanza na kipi kilichofuata, kwa sababu uzi uliokuja baadaye hupita juu ya uzi uliotangulia. Wasichana waliokuja kujifunza kwake waliogopa sana wakati ule wa kugeuza.

Nyumbani palikuwa pia na Bibi, mzaa baba, ambaye hakuwataka wanyama hao karibu naye. Yeye alidarizi kofia, kazi ya subira kubwa zaidi, yenye vitobo vilivyozungushiwa uzi kwa mpangilio usioruhusu kosa hata moja, na katika kofia zake hakukuwa na ndege wala samaki, kwa kuwa hakuona vyema kutengeneza sura ya kiumbe mwenye roho. Foronya zenye tausi na njiwa hazikuwekwa katika chumba alichosalia. Mama hakubishana naye. Alimshonea Bibi foronya za maua, na ndege wakabaki katika chumba cha watoto na cha wageni, na hivyo ndivyo nyumba moja ilivyoishi kwa amani na fikra mbili juu ya wanyama wa uzi.

Basi, ninaishi Norwich, mashariki ya Uingereza, na kwa miaka kadhaa sikujua kwamba sehemu kubwa ya kazi za Mary zilizosalia imo katika kaunti hiihii ya Norfolk, katika jumba liitwalo Oxburgh Hall. Kufika huko bila gari lako mwenyewe si jambo la kusifia: nilipanda basi hadi Swaffham, kisha teksi iliyopita kati ya mashamba ya viazi sukari na mabanda ya nguruwe, na dereva akaniuliza mara mbili kama nina hakika nakwenda huko. Jumba ni la matofali mekundu, limezungukwa na maji pande zote nne, na Edmund Bedingfeld alipata kibali cha kulijenga mwaka 1482. Uzao wake ulishikilia Ukatoliki katika karne ambazo Ukatoliki ulikuwa hatari Uingereza, na hadi leo mgeni huonyeshwa tundu chini ya sakafu ambamo padri aliweza kufichwa wakati wa msako. Vitambaa vya Mary viliingia katika nyumba hiyo karne ya 18 kwa njia ya ndoa. Siku hizi ni mali ya makumbusho ya Victoria and Albert ya London, ambayo imeviacha pale kwa mkopo wa muda mrefu.

Chumba cha maonyesho kina giza la makusudi, kwa sababu mwanga hula rangi ya hariri. Unaingia ukiwa huoni kitu, unasimama, na polepole ukuta unaanza kukutolea viumbe mmoja baada ya mwingine, kama vile macho ya wanyama yanavyoanza kuonekana msituni baada ya taa kuzimwa. Mapazia makubwa ni matatu, pamoja na pindo lake la juu. Kila pazia ni la mahameli ya kijani, na juu ya mahameli hiyo vimeshonewa vipande vidogo vya kitani, vingine vyenye pembe nane, vingine vyenye umbo la msalaba, kila kipande na kiumbe wake. Vipande hivyo vilidariziwa kimoja kimoja kwa nyuzi za hariri, kwa mishono midogo ya msalaba iliyohesabiwa uzi kwa uzi, na baadaye ndipo vikakusanywa juu ya mahameli. Kiswahili chetu kina kudarizi na kutarizi, na mitaani wengi husema kufuma hata pale ambapo hakuna kinachofumwa. Nisisitize kwamba hapa hakuna kilichofumwa, picha yote imetokana na sindano. (Wazungu nao wamechanganya mambo. Nguo maarufu ya Bayeux, yenye urefu wa karibu mita 70 na mamia ya farasi, mbwa na ndege, huitwa kwa jina la nguo za kufumwa ilhali imedariziwa kutoka mwanzo hadi mwisho.)

Mary alivuka mpaka na kuingia Uingereza mwezi Mei 1568, baada ya kushindwa vitani na kulazimishwa kukiacha kiti chake, akitumaini kwamba Elizabeth angemsaidia. Hakuondoka tena hadi alipokatwa kichwa mwezi Februari 1587. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo karibu 19 aliwekwa chini ya ulinzi wa mwungwana mmoja, George Talbot, na mke wake Elizabeth, anayejulikana zaidi kwa jina la Bess wa Hardwick, na wanawake hao wawili ndio waliodarizi pamoja wanyama hawa. Ipo barua ya mwaka 1569 ambamo Talbot anaeleza kwamba malkia huja kila siku katika chumba cha mke wake, hukaa na wanawake wenziwe, hushona na kubuni kazi mpya. Mwaka huohuo mgeni mmoja, Nicholas White, alimwuliza Mary hupitishaje siku ambazo hali ya hewa haimruhusu kutoka. Alijibu kwamba hushinda na sindano, kwamba wingi wa rangi huifanya kazi isichoshe sana, na kwamba huendelea mpaka maumivu yenyewe yamlazimishe kuacha. Niliposoma maneno hayo nilimwona Mama, akiwa amelala chali baada ya alasiri ya kudarizi, kitambaa chenye maji baridi juu ya macho.

Urafiki wa wanawake hao haukudumu. Ndoa ya Bess ilivunjika kwa ugomvi mkubwa, uvumi ukaenea kuhusu mfungwa na mlinzi wake, na mwishoni walikuwa maadui. Vipande vyao bado vimekaa bega kwa bega kwenye mahameli, na bila herufi za majina yao ambazo zimeshonwa katika baadhi ya vipande, mtazamaji wa kawaida kama mimi asingejua ni mkono upi uliofanya kipi. Nadhani hata kwa herufi hizo ingefaa kuwa na shaka. Malkia alikuwa na mdarizi wake wa kuajiriwa, Pierre Oudry, wa kuchora vielelezo. Alikuwa na wanawake wa msafara wake, mmoja wao Mary Seton, walioketi chumba kimoja naye na sindano mikononi. Nani alijaza manyoya ya mkia wa ndege huyu au yule? Mama aliwapa wanafunzi wake majani na mashina, akajiwekea macho na midomo, na kazi ilipokwisha iliitwa kazi ya Mama.

Wanyama sasa. Wapo ndege, samaki, wadudu, wanyama wa miguu minne, na baadhi ya viumbe ambao hawajawahi kuwepo. Karibu wote wametoka vitabuni, hasa katika kitabu cha Gessner, na baadhi ya samaki katika kitabu cha Mfaransa Pierre Belon. Vitabu hivyo vilikuwa elimu mpya ya wakati ule, na watungaji wake walijitahidi kukusanya kila kiumbe aliyepata kutajwa na mtu wa kuaminika, na hapo ndipo penye raha yake, kwa kuwa watu wa kuaminika pia hutaja mengi. Katika mapazia haya yumo pomboo aliyeruka juu ya mawimbi, ambaye kwa Kifaransa jina lake ni lilelile walilopewa warithi wa kiti cha Ufaransa, na Mary aliwahi kuolewa na mrithi huyo na kufiwa naye akiwa bado kijana. Yumo pia mtawa wa baharini, samaki mwenye kichwa kama cha mtawa, A SEA MOONKE, ambaye amedariziwa kwa utulivu uleule na uangalifu uleule aliofanyiwa pomboo. Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba sisi wa pwani tumemchukua nguva, mnyama halisi anayekula majani ya baharini, tukamfanya nusu mwanamke, na sijui ni nani kati yetu aliyekwenda mbali zaidi.

Niliyempenda kuliko wote ni ndege mmoja mwenye mdomo mkubwa usio na kipimo. Ni tukani, ndege wa misitu ya Amerika ya Kusini, na habari zake zilikuwa zimeifikia Ulaya muda mfupi tu kabla. Chini ya hali hiyo mwanamke wa Uskoti aliyefungwa katikati ya Uingereza hakuwa na njia yoyote ya kumwona. Alikuwa na mchoro wa mbao uliopigwa chapa kwa wino mweusi, basi. Rangi zote alizibuni yeye. Hata jina hakuwa nalo, akamwandikia A BYRD OF AMERICA, ndege wa Amerika, kwa namna ambayo mtu wa mbali angeweza kumshona twiga na kumwita Mnyama wa Afrika akaridhika. Nilipokuwa nikimtazama, tausi wa foronya yetu alinijia na shingo yake, ambayo Mama aliipa rangi ya samawati kwa sababu mtu alimwambia kwamba ni ya samawati.

Kunakili kulikuwa na historia yake ndefu hata kabla ya sindano kuingia. Mwaka 1515 faru kutoka India alifikishwa Lisbon kwa meli, na Albrecht Dürer, akiwa Ujerumani, alimchora bila kumwona, akitegemea maelezo na mchoro wa mtu mwingine. Akamvika ngozi kama deraya ya askari, na akamwotesha kipembe cha ziada mgongoni. Gessner alikichukua kifaru hicho cha Dürer na kukiweka kitabuni, na kwa vizazi vingi Wazungu walijua kwa hakika kwamba faru ana pembe mgongoni. Natoka katika nchi ambayo faru wake wana pembe mbili na zote ziko puani, na bado sikumwona hata mmoja mpaka nilipokuwa na umri wa miaka 31, nilipokwenda Ngorongoro na wageni waliolipa. Kwa hiyo sina haki ya kumcheka Dürer sana.

Kwa mtu aliyekulia pwani, njia ya kuvitazama vipande hivi haihitaji mwongozo. Kanga ina pindo lake pande zote, ina mji wake katikati, na ina jina lake, yale maneno yanayosema kwa mafumbo kile ambacho mwanamke hawezi au hataki kukisema kwa mdomo. Vipande vya Mary vina ukingo, vina kiumbe katikati, na vingi vina maneno. Sidai kwamba kuna undugu wowote kati ya vitu hivi viwili. Kanga ilizaliwa karne tatu baadaye na kwa sababu zake. Nasema tu kwamba nilipokuwa natazama mapazia yale, nilijikuta nikiuliza swali ambalo watu wa kwetu huuliza jirani anapopita na kanga mpya: hii anaambiwa nani?

Na kweli walikuwepo wa kuambiwa. Katikati ya pazia kubwa la Mary kuna kipande kisicho na mnyama: mkono unashuka kutoka mawinguni ukiwa na kisu cha kupogolea, unakata tawi la mzabibu, na maneno ya Kilatini yanasema Virescit Vulnere Virtus, ujasiri huchipua kwa jeraha. Ukilisoma kwa haraka ni wosia wa kuvumilia mateso. Ukilisoma kama kanga, tawi linalokatwa ni lile lisilozaa ili lile lizaalo listawi, na kila mtu alijua kwamba Elizabeth hakuwa na mtoto na Mary alikuwa naye. Mary aliudarizi mchoro huohuo kwenye mto, akampelekea Mtawala wa Norfolk, mwungwana mkubwa kabisa wa Uingereza, ambaye alikuwa na mipango ya kumwoa. Mto huo ulitajwa katika ushahidi aliposhtakiwa kwa uhaini, na mwezi Juni 1572 akakatwa kichwa. Nimewahi kuona ugomvi wa majirani wa miaka miwili ulioanzishwa na kanga moja, lakini foronya iliyofika mahakamani ilikuwa kitu kipya kwangu.

Ajabu ni kwamba barua zake zilipekuliwa kuliko nyuzi zake. Aliandika kwa maandishi ya siri, na mwaka 2023 watafiti watatu walitangaza kwamba wamefumbua barua 57 za aina hiyo, nyingi zikiwa za miaka ya 1578 hadi 1584, ambazo zilikuwa zimelala katika maktaba ya taifa ya Ufaransa bila kujulikana kuwa ni zake. Na barua ndizo zilizomwangamiza, ingawa si hizo 57: mwaka 1586 aliwasiliana na waliopanga kumwua Elizabeth kwa barua zilizofichwa katika mapipa ya bia, bila kujua kwamba kila moja ilikuwa inasomwa na wapelelezi kabla ya kufika. Kazi za sindano ziliruhusiwa zipite. Mwaka 1574 alimtumia Elizabeth mwenyewe zawadi ya sketi ya atlasi nyekundu aliyoidarizi kwa nyuzi za fedha, kupitia kwa balozi wa Ufaransa, na zawadi ikapokewa kwa furaha. Ikiwa paka ni Elizabeth kweli, basi mkono uliomshona paka ndio uliomshonea sketi.

Mnyama ambaye ningependa kumwona zaidi hayupo tena. Mwaka 1619 mshairi William Drummond alimwandikia mwenzake Ben Jonson barua ya kueleza kitanda cha heshima kilichodariziwa na Mary, na kitanda hicho kilikwisha kupotea zamani. Kilichobaki ni orodha ya Drummond. Kilikuwa na ndege wa moto, yule anayeungua na kufufuka katika majivu yake, ambaye alikuwa nembo ya mama yake Mary, pamoja na maneno ya Kifaransa yasemayo kwamba katika mwisho wangu umo mwanzo wangu. Kilikuwa pia na simba jike na mtoto wake, na maneno ya Kilatini: Unum quidem, sed leonem. Mmoja tu, lakini simba. Hapa hata sihitaji kufasiri kwa kusitasita, maana jina hilo lingeweza kuuzwa kesho asubuhi katika duka lolote la kanga Mombasa au Kariakoo, na wanawake wenye mtoto mmoja wangeligombania. Mtoto wa Mary aliitwa James. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Aprili 1567, akiwa na miezi kumi. Hakumwona tena katika miaka 20 iliyobaki ya maisha yake, na yeye ndiye aliyekuja kukirithi kiti cha Elizabeth mwaka 1603.

Nilitoka katika chumba kile macho yakiuma, nikaingia katika chumba kinachofuata na kukuta habari ambayo sikuitarajia. Mwaka 2020, paa la jumba lilipokuwa likitengenezwa, mbao za sakafu ya dari zilifunuliwa na chini yake vikapatikana viota vya panya wa kale, vilivyotandikwa kwa vipande zaidi ya 200 vya vitambaa: mahameli, atlasi, sufu, na vipande vilivyodariziwa. Kwa karne kadhaa panya wa Oxburgh walikuwa wakichagua nguo nzuri za nyumba na kuzipandisha juu kulalia watoto wao. Baada ya kusafiri kwa ajili ya panya mmoja wa uzi, nilijiona nimelipwa.

Usiku ule nilimpigia Mama. Nilikuwa nimemtumia picha kadhaa za mapazia kupitia WhatsApp, na nilijua angekuwa amezitazama kwa miwani yake mipya.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, baba. Huyu ndege wa mdomo mkubwa amekaa vizuri. Ila huyo mwenye upara siye samaki.”

Nikamweleza kuhusu mtawa wa baharini, akasema astaghafiru. Nikamweleza kuhusu malkia, kufungwa kwake, mto uliotajwa mahakamani, paka na panya wake. Alisikiliza bila kunikatiza, na mwishoni aliuliza swali moja tu.

“Na nyuma kukoje?”

Nikamwambia kwamba nyuma hakuonekani, vipande vimeshonewa juu ya mahameli na vimetundikwa ukutani, hakuna mgeni anayeruhusiwa kugusa. Akaguna. Kwake yeye ilikuwa kama nimekwenda msibani nikarudi bila kujua aliyekufa.

Ndipo nikamwuliza kitu ambacho kwa zaidi ya miaka 30 sikuwahi kumwuliza. Kwa nini aliwaongeza wale vifaranga chini ya tausi?

“Vifaranga gani?”

“Wa foronya, Mama. Wale wa kahawia.”

“Aa, wale. Kitambaa kilibaki na nafasi.”

Nilicheka peke yangu baada ya simu. Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu kubwa, na nikajisemea kwamba pengine hata panya wa Edinburgh hakuwa na siri zaidi ya hiyo. Kitani kilibaki na nafasi, mvua ilikuwa inanyesha, na hariri ya rangi ya panya ilikuwa mkononi.

Kesho yake asubuhi nilikuta Mama amenitumia picha bila neno lolote. Ameitoa foronya sandukuni, ameigeuza, akaipiga picha upande wa ndani, juu ya mkeka, penye mwanga wa mlango. Rangi za nyuma hazijapauka kama za uso. Ncha zote zimefichwa, na mafundo sikuyaona hata nilipoikuza picha. Niliikuza zaidi, pale chini, penye vifaranga. Uzi wa kijani wa mkia wa tausi umepita juu ya uzi wa kahawia.